Chupa ya Iodini na Kitovu cha Mjukuu Wangu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki mbili zilizopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Likoni. Swali lake lilikuwa fupi. Mwanawe alijikata mguuni kwa kipande cha bati, naye humpaka dawa ya iodini, ile ambayo wengi wetu huiita aidini, na rangi yake ya hudhurungi hubaki katika ngozi hata baada ya kuosha. Je, udhu wa kijana huyo wasihi?

Jibu lake si gumu. Rangi tupu isiyo na mwili haizuii maji kufika katika ngozi, kama vile rangi ya hina isivyozuia baada ya hina yenyewe kubanduliwa. Kinachozuia ni tabaka: marhamu nzito, plasta, au dawa iliyogandamana ikawa kama ngozi ya pili. Kidonda kikiwa kimefungwa bendeji, na kukifungua ni kukidhuru, basi kwa madhehebu yetu ya Shafii kijana ataosha sehemu nzima za kiungo, atapangusa maji juu ya bendeji, na atatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa na maji. Ama kuirudia swala au kutoirudia, hilo lina tafsili inayotegemea mahali pa jeraha na hali ya twahara wakati wa kulifunga. Mwalimu wa mtaani kwake atamfafanulia akishaliona jeraha lenyewe.

Ningeishia hapo na kumuombea kijana shifaa. Lakini mwishoni mwa barua mama huyo ameongeza maneno yaliyonikosesha usingizi. Anasema kwamba dawa hiyo alianza kuitumia baada ya kusoma makala yangu ya mwaka juzi, na kwamba sasa humpaka kila mtu nyumbani mwake, hata kichanga cha dadake.

Nilimpigia simu jioni ileile. Na kwa kuwa makala ile haikusomwa na mtu mmoja, leo sina budi kuirudia hadharani, kwa maana aliyekosea mbele ya watu hajisahihishi kwa kunong'ona.

Wasomaji wa zamani watakumbuka. Mwanafunzi wangu mmoja hapa Eldoret aliangushwa na bodaboda akachubuka goti na kiwiko, na jeraha lake likaoza kwa sababu nyumbani walimpaka majivu. Nikaandika kwa hasira. Nilisema kila nyumba iwe na chupa ya iodini, na kwamba kidonda kipakwe asubuhi na jioni mpaka kipone. Sikutaja umri wa mgonjwa wala aina ya kidonda, na juu ya kipimo sikuandika hata neno moja. Niliandika kana kwamba dawa ikiwa njema, basi wingi wake ni wema zaidi.

Malipo ya maneno hayo yalinifika mlangoni mwangu mwezi uliopita.

Binti yangu wa tatu ameolewa hapahapa Eldoret, mji ambao wenyeji wangali wanauita Sisibo ingawa tangu Agosti ya 2024 umepandishwa kuwa jiji. Alijifungua salama mtoto wa kike. Siku ya sita nikaenda kumtazama, nikiwa na mipango ya akika kichwani. Nikamkuta mtoto amelala. Nikakaa, nikanywa chai, nikazungumza na mkwe wangu juu ya bei ya mbuzi, mtoto angali amelala. Binti yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu jana hulala hivyo, na kwamba akiamshwa hunyonya mara mbili tatu kisha akaachia titi.

Mzazi mwenzangu, mamake mkwe wangu, ni mwanamke mcha Mungu na mwenye bidii. Ndiye aliyekuwa akimhudumia mzazi. Alipomfungua mtoto winda ili nimwone vizuri, nikaona tumbo lake lote, kuanzia chini ya mbavu hadi kinenani, ni la rangi ya hudhurungi kama limepakwa kahawa. Kitovu kilikuwa kimefunikwa kwa pamba iliyolowa, na juu ya pamba kitambaa, na juu ya kitambaa winda.

Nikamuuliza, “Mama, hii ni nini?”

“Ni iodini, Sheikhe. Mara tatu kwa siku.” Kisha akatoa katika Msahafu wake kipande cha karatasi kilichokunjwa. “Si wewe mwenyewe uliyeandika?”

Ilikuwa ni makala yangu, imekatwa vizuri kwa mkasi.

Wallahi, nimefundisha madrasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kutahayari mbele ya wanafunzi kama nilivyotahayari mbele ya karatasi ile.

Tulikwenda kliniki saa ileile. Muuguzi aliyetupokea ni binti wa Kiislamu, mtu wa makamo, aliyenisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza maswali ambayo yalitakiwa yaulizwe siku sita kabla. Dawa ina nguvu asilimia ngapi? Inapakwa mara ngapi? Inafunikwa? Mtoto alizaliwa na uzito gani? Amekwenda haja? Sauti yake akilia ikoje? Nikajibu lile moja tu nililolijua.

Akasema, “Baba Sheikhe, siwezi kukwambia kwamba usingizi huu ni wa iodini. Watoto wachanga hulala kwa sababu nyingi, na nyingine ni za hatari, kwa hiyo daktari atamtazama kwa yote. Lakini iodini tunaiacha sasa hivi, na damu yake tutaipima.” Akamwosha mtoto tumbo kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha, akamdunga kisiginoni.

Wakati wa kungojea, alinieleza mambo ambayo nimeyaandika katika daftari, na baadaye nikayahakikisha kwa mfamasia na kwa daktari kabla sijathubutu kuyaleta hapa.

Iodini si kitu kigeni kwetu sisi watu wa pwani. Iko baharini, na mwani huikusanya mwilini mwake. Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, ndiye aliyeigundua mwaka wa 1811 alipokuwa akishughulika na majivu ya mwani. Akaona mvuke wa zambarau ukipanda, na jina lake likatokana na neno la Kiyunani la rangi hiyo. Akina mama wa Kibuyuni na wa Paje wanaolima mwani leo huuza kwa kazi nyingine kabisa, na iodini nyingi ya dunia sasa hutoka katika migodi ya Chile na katika maji ya chumvi ya chini ya ardhi huko Japani. Lakini nimependa kulitaja hilo, maana wengi hudhani dawa hii imetengenezwa kwa sumu za viwandani.

Katika chupa za maduka yetu ya dawa iodini huja kwa namna mbili. Ya kale ni ile iliyoyeyushwa katika spiriti. Hiyo huunguza kidonda wazi, mtoto akapiga mayowe ya kuwaita majirani, na tena hushika moto, kwa hiyo isifunguliwe karibu na jiko. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea sasa, ni povidoni-iodini. Betadine ni jina la biashara la mojawapo. Hii imechanganywa na maji, na iodini yake imefungamanishwa na kitu kiitwacho povidoni, ambacho huiachilia kidogo kidogo. Ndiyo maana haiwashi sana. Iliyoandikwa asilimia 10 huwa na asilimia 1 tu ya iodini yenyewe, na kiasi hicho chatosha kuua bakteria, kuvu na virusi vingi.

Sasa, ubora wake na hatari yake hutoka mlango mmoja. Iodini hupenya. Juu ya ngozi nzima ya mtu mzima kinachopenya ni kidogo mno. Juu ya kidonda kikubwa, au ngozi iliyoungua, au sehemu laini za ndani ya mwili, hupenya zaidi na kuingia katika damu. Ngozi ya kichanga ni nyembamba, hasa aliyezaliwa kabla ya miezi yake, na tumbo lake ni sehemu kubwa ya mwili wake mdogo. Ukilipaka lote mara tatu kwa siku na kulifunika, umefanya kama mtu anayemnywesha dawa kwa ngozi.

Na huko ndani inakwenda wapi? Inakwenda katika tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba husema mtu ana rovu. Tezi hii huhitaji iodini ili itengeneze homoni za kuuendesha mwili. Sisi tunaoishi bara tunalijua hilo zaidi, kwa kuwa udongo wa nyanda za juu mara nyingi ni haba wa iodini, na wazee wa sehemu hizi wanawakumbuka watu wengi wenye rovu. Ndiyo sababu sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe madini joto. Madini joto na iodini ni kitu kimoja! Nilikuwa nimesoma maneno hayo katika mfuko wa chumvi ya Gongoni maisha yangu yote bila kujua.

Kumbe tezi hudhurika kwa uchache na hudhurika kwa wingi. Iodini ikiifurikia kwa ghafla, tezi hufunga mlango na kuacha kutengeneza homoni. Ya mtu mzima mwenye afya hufunga kwa siku chache kisha hufungua yenyewe. Ya kichanga haijajua bado kufungua, huweza kubaki imefungwa kwa muda, na katika siku hizo ndizo ubongo wa mtoto huihitaji homoni hiyo kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto huwa mzito wa usingizi, mvivu wa kunyonya, hapati choo, manjano yake hayaondoki, sauti yake ya kilio huwa nzito. Na huenda asionyeshe dalili yoyote, ndipo pakahitajika kipimo cha damu.

Basi kitovu kifanyweje? Mtoto akizaliwa hospitalini au zahanati, mahali safi, kitovu kiachwe kikavu na safi, winda lifungwe chini yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa. Hapa Kenya Wizara ya Afya imeidhinisha pia dawa nyingine kwa kitovu, jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1, ambayo mama hupewa na wahudumu pamoja na maelezo yake. Hiyo nayo ina onyo lake: ni ya kitovu tu. Shirika la Afya Duniani limetoa tahadhari baada ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika kudhurika macho kwa sababu dawa hiyo ilidhaniwa ni ya macho. Ama mavi ya ng'ombe, majivu, vumbi la ukutani, mate ya bibi na chumvi, hayo ni njia ya pepopunda. Kitovu kikitoa usaha, kikinuka, au wekundu ukitambaa kwenye ngozi ya tumbo, hapo hapana dawa ya nyumbani. Ni hospitali, usiku huohuo.

Mama mmoja mwenye elimu atanipinga, na ana haki, kwamba iodini hutiwa hata machoni mwa watoto wachanga. Ni kweli. Utafiti mashuhuri wa jambo hilo ulifanyika hapahapa nchini, Kikuyu, ukachapishwa mwaka wa 1995. Watoto 3,117 waligawanywa katika makundi ya dawa tatu, na wale waliotiwa povidoni-iodini walipata maambukizo ya macho kwa uchache kuliko waliotiwa zile dawa mbili zilizozoeleka. Lakini tazama kipimo: ilikuwa ya asilimia 2.5, imetayarishwa kwa ajili ya jicho, na hutiwa na mhudumu wakati wa kuzaliwa, si kila siku. Chupa ya asilimia 10 iliyo kabatini mwako isikaribie jicho la mtu yeyote.

Nageukia vidonda, maana sitaki mtu atoke hapa akiitupa chupa. Kosa langu lisizae kosa la pili.

Katika makala yangu ya kwanza niliitanguliza dawa, nikalisahau jambo lililo la kwanza, nalo ni maji. Damu, usaha na uchafu huila nguvu ya iodini kabla haijawafikia vijidudu. Ukiimimina juu ya goti lililojaa changarawe za barabara ya Langas, umeipoteza dawa. Jeraha lioshwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka, yale yanayofaa kunywewa, kwa muda wa kutosha hadi taka zote ziondoke, na ngozi ya pembeni kwa sabuni. Mara nyingi mchubuko mdogo hauhitaji zaidi ya hayo na kitambaa safi. Ukitaka kupaka iodini, chukua kidogo kwa shashi au pamba safi, upake utando mwembamba, hasa ngozi inayozunguka jeraha, kisha uiache ikauke. Angalau dakika mbili. Huko kukauka ndiko kunakofanya kazi, nasi hatuna subira. Tunapaka na kufunika papo hapo. Dawa iliyofungiwa ikiwa majimaji chini ya bendeji au winda, au iliyotuama chini ya mgongo wa mgonjwa aliyelala, huunguza ngozi kama moto, ikatoka malengelenge ambayo watu huyadhani ni kidonda kinaenea. Wanaongeza dawa, na kuungua kunaongezeka.

Wala isitumike siku nyingi. Kwa jeraha dogo la nyumbani siku chache zatosha. Baada ya hapo nyama mpya changa inayoota chini haipendi iodini nyingi, na kuipaka kila asubuhi na jioni “mpaka kipone”, kama nilivyoandika kwa mkono wangu, huweza kukichelewesha kupona. Jeraha lenye kina, au la kuchomwa na msumari, au linaloonyesha nyama ya ndani, halijazwi dawa kama taa inavyojazwa mafuta. Lishinikizwe kwa kitambaa safi kama lavuja damu, na mtu apelekwe akashonwe na adungwe sindano ya pepopunda. Mwenye kisukari asijitibu kidonda cha mguu kwa chupa yoyote. Na wazee wetu wengi wa pwani wana kisukari.

Aliyeungua kwa uji au maji ya moto apozwe kwa maji ya mfereji yanayotiririka dakika 20. Asipakwe iodini, maana pahali palipoungua hunywa dawa kama ardhi ya kiangazi. Asipakwe dawa ya meno wala yai pia. Ninayasema haya nikijua kwamba Ramadhani haipiti bila mtoto kumwagikiwa na kitu jikoni.

Liko jambo moja ambalo iodini hupendekezwa waziwazi, nalo ni kuumwa na mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji dakika 15 kamili, kwa saa mkononi, kisha lipakwe povidoni-iodini, na mtu akimbizwe kituo cha afya siku hiyohiyo apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo haibadilishwi na dawa ya kupaka. Watu husema, “tumeshampaka,” wakalala. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Na kwa faida ya wanaouliza: kule kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni kwa ajili ya najisi. Mambo haya mawili hayagongani. Anza na sabuni na maji kwa ajili ya uhai, twahara utaikamilisha, na udongo usiutie ndani ya jeraha wazi.

Sasa nina neno kwa jirani zangu wa bara, ingawa hata watu wa Kilifi wenye ng'ombe wa maziwa litawafaa. Uasin Gishu ni nchi ya maziwa. Katika kila agroveti kuna dawa ya iodini ya kuchovyea chuchu za ng'ombe baada ya kukamua. Rangi ni ileile, harufu karibu ni ileile, bei kwa lita ni nafuu zaidi. Basi watu huimimina katika chupa tupu ya soda, ikaingia nyumbani, na kesho yake ikawa dawa ya goti la mtoto. Dawa hiyo ina vitu vingine ndani yake, na baadhi yake huuzwa ikiwa kali ili ichanganywe na maji kwanza. Si ya binadamu. Na chupa ya soda yenye kitu cha rangi ya chai ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Dawa ikae katika chupa yake, na karatasi yake, juu, mbali na mikono midogo.

Kwa akina mama nitasema kwa haya, lakini nitasema. Aliye na rovu au maradhi yoyote ya tezi ya shingo, au anayetumia dawa zake, asiitumie iodini kwa kuzoea bila kumuuliza daktari. Mjamzito na anayenyonyesha vilevile: mpako mdogo mara moja kwa mkato wa kisu cha jikoni ni jambo dogo, lakini kupaka eneo kubwa siku baada ya siku si dogo, kwa kuwa iodini humfikia mtoto tumboni, na huingia katika maziwa. Isipakwe chuchuni. Na nimesikia kwamba katika siku arubaini wako wakandaji wanaoitia katika maji ya kukalia, na wako wanawake wanaojiosha kwayo sehemu za ndani kwa nia ya twahara. Twahara ya sharia haidai kuosha ndani, na sehemu hizo hunywa dawa upesi mno. Maji safi yatosha. Mshono wa hospitali utunzwe kama hospitali ilivyoagiza.

Wako pia wanaoogopa iodini kwa sababu hudhurika wakila kamba au kaa. Madaktari wamenihakikishia kwamba mwili wa mtu huyo huchukizwa na nyama ya kamba yenyewe, si iodini iliyomo. Lakini aliyepakwa dawa hii akatokwa na vipele vinavyowasha, aioshe, asirudie, na aitaje kila anapotibiwa.

Nilipokuwa nikiandika haya, mara nyingi ilinijia ile habari iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir, ya yule mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akalazimika kuoga. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo, akaoga, akafa. Mtume wetu (s.a.w.) alipoambiwa aliwakasirikia vikali wale waliotoa jawabu bila elimu, akawafunza kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Nimeisomesha habari hiyo darasani kila mwaka, katika mlango wa tayamamu. Kila mwaka nilijihesabu miongoni mwa wanaoisimulia. Haikunipitikia kwamba naweza kuwa miongoni mwa wale wenzake wa safari.

Kipimo cha kwanza cha mjukuu wangu kilionyesha kwamba tezi yake inasukumwa kuliko kawaida. Daktari hakuanza dawa; akaamuru iodini isiguswe tena, mtoto aamshwe kunyonya kila baada ya saa mbili tatu, na damu irudiwe baada ya wiki. Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Akika tuliiahirisha, si kwa sababu ya sharia, bali kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuchinja. Kitovu kilianguka chenyewe siku ya kumi, kikavu, bila dawa. Kipimo cha pili kimerudi Jumanne iliyopita, nacho ni cha kawaida, alhamdulillahi. Atapimwa mara moja zaidi akitimiza miezi miwili. Sasa analia usiku kucha, na mamake amenipigia simu kulalamika.

Yule mama wa Likoni naye amempeleka mpwa wake kliniki, na ameniahidi kuniletea majibu. Mzazi mwenzangu ameniomba nakala mbili za toleo hili. Moja ataikata aiweke katika Msahafu mahali pa ile ya zamani, na nyingine, asema, ni ya dadake wa Kapsabet, ambaye alikuwa amempelekea ile ya kwanza kwa simu.

Wabillahi tawfiq.